Kitambaa cha Kufutia Kompyuta

Jumamosi asubuhi msoma mita za maji aliiweka kompyuta kuukuu juu ya meza ya kukatia nguo ya mkewe. Alisogeza kando mkasi, chaki na majora ya sare, akasema ni kwa muda tu. Kompyuta yenyewe aliipata kwenye ofisi moja iliyokuwa ikihama. Kasha lake lilikuwa limegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, na alipofungua skrubu alikuta vumbi limejaa ndani kama pamba ya mto. Hakuwa na shida ya kompyuta. Alitaka tu kuona kama itawaka.

"Mke wangu, hebu nifutie humu," alisema. "Mikono yangu ina kazi."

Mikono yake ilikuwa imeshika kikombe cha chai. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na shule za mtaa mzima zilimtegemea kwa sare. Alichana fulana iliyozeeka, akafuta feni, akafuta nyaya, akafuta kila pembe. Baada ya hapo mumewe alichomoa kadi za kumbukumbu, akazisugua ncha zake za shaba kwa kifutio cha penseli, jambo ambalo watengenezaji hulifanya na ambalo husaidia kweli. Akarudisha skrubu zote isipokuwa mbili. Kompyuta ikanguruma, ikalia mara moja, ikaonyesha anga la buluu na pipa dogo la taka pembeni.

"Hongera," alisema mkewe. "Na meza yangu? Zimebaki siku tisa shule zifunguliwe, sijakata hata kola."

"Kesho naitoa."

Fundi akachukua kile kitambaa na kufuta alama ya chai iliyobaki mezani. Alama ikafutika. Kikombe nacho kikafutika, maana kilikuwa karibu. Kwenye skrini, ndani ya pipa, kikaonekana kikombe.

"Ah, umekifuta," alisema mumewe. Akafungua pipa, akabonyeza Rejesha, na kikombe kikarudi mezani, safi, bila ule ufa wake wa siku nyingi. "Umeona? Mashine nzima kabisa hii."

Kesho ilifika ikapita na kompyuta iko palepale. Fundi alitandika kitambaa cha sare sakafuni, akawa anakata huku anatambaa. Magoti yalianza kuvimba. Siku hizohizo paka alifutwa kwa bahati mbaya alasiri nzima, akarudi hana kiroboto hata mmoja.

Kisha akafutwa wifi yake. Huyu alikuwa dada wa msoma mita, aliyekuja kusalimia na hakusema ataondoka lini. Fundi alikuwa anafuta mkono wa kochi, na wifi si mtu wa kusogea. Walimrejesha baada ya chakula cha mchana.

"Wifi, kumbe huko kuna kiubaridi kizuri!" alisema. "Nimekuta barua za ofisi tu, na karani mmoja amelala. Anasema asirejeshwe. Na magoti yangu haya, tazama, hayalii tena!"

Alichuchumaa na kusimama ili wote waone. Kwa kuwa wifi hakujaliwa kuweka neno moyoni, siku iliyofuata majirani walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani. Alikuja kinyozi mwenye kikohozi, akaja mwalimu mwenye kiuno kibovu. Fundi aliacha mkasi, akawafuta mmoja mmoja kuanzia utosini hadi kwenye kisigino, na mumewe alibonyeza Rejesha.

"Fundi, ubarikiwe sana!" walimwambia mumewe wakitoka wananyooka.

"Ni kifutio tu," alijibu kwa unyenyekevu. "Siri yote ni kifutio."

Mpaka katikati ya wiki, ukisema fundi mtaani, watu walimwelewa msoma mita. Fundi mwenyewe alikuwa yule mama wa kitambaa. Hilo lilimuuma kuliko magoti.

"Leo nifute mimi," alimwambia mumewe. "Siwezi kupiga magoti tena, na sare bado."

"Mimi na kitambaa wapi na wapi? Nitakufuta vibaya, urudi huna sikio."

Wifi naye alisema viganja vyake bado vina uchovu wa safari ya kuja.

Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi, lakini fundi alijaribu. Alijifuta miguu, tumbo, kichwa, akabaki mkono wa kulia umeshika kitambaa, na huo haukuwa na wa kuufuta. Mumewe aliporudi kutoka kazini aliuuliza mkono chakula kiko wapi. Mkono ukaelekeza jikoni. Alikula, akashiba, ndipo akabonyeza Rejesha. Magoti yalirudi yamevimba vilevile, kwa sababu mashine haihesabu kazi ya nusu.

Jumapili jioni sare zilikuwa zimebaki lukuki. Fundi alisimama mbele ya kompyuta, akashika kitambaa barabara, akaifuta yenyewe. Haikuondoka. Anga la buluu lilififia na maneno yakatokea:

*Una uhakika unataka kufuta?*

Chini yake palikuwa na Ndiyo na Hapana. Fundi alisoma, akasoma tena. Tangu aolewe, hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumuuliza anataka nini, wala kungoja ajibu. Mashine ilikuwa inangoja. Alishindwa kujua kama anachosikia ni uchungu au furaha, akaona ni vyote viwili.

"Bonyeza Hapana, mke wangu," mumewe aliita kutoka kwenye kochi. "Halafu njoo ufute na hapa, chai imemwagika."

Hakubonyeza kitu. Alifuta chai kwa kipande kingine cha ile fulana, kisichofuta watu, akatandika jora sakafuni, akapiga magoti na kuanza kukata. Kila alipomaliza kola moja aliinua macho kwenye skrini. Swali lilikuwa bado lipo.