Jozi ya Kumi na Mbili

Mguu wake wa kulia ulikuwa unacheza chini ya meza, na kila alipoukanyaga kwa wa kushoto, wa kushoto nao ukaanza. Jozi kumi na moja za alama za vidole alikwisha kuzimaliza. Ilibaki moja: upande huu alama safi ya wino, upande ule alama hafifu iliyotolewa kwenye glasi. Ni za mtu mmoja, au sivyo?

Maabarani walimwita Chungulia, kwa jinsi alivyoishi na lenzi jichoni. Miaka tisa alikuwa akipaka unga mweusi kwenye vitasa, akilinganisha alama, akiandika ripoti. Kisha mwenye cheti anatia saini, na ndiye anayeitwa mahakamani. Mtihani huu wa cheti ulikuwa wake wa tatu, na sheria hairuhusu wa nne. Mara mbili alianguka kwa kosa lile lile, aliandika "ni yake" pasipokuwa yake. Kosa hilo halipunguzi maksi, linakuangusha palepale. Nje ya chumba cha mtihani kuna mtu angefungwa.

Nyumbani walishamchoka. Glasi zote zilikuwa na unga.

"Humu ndani hata maji hatunywi mpaka tuchunguzwe," dada yake alilalamika.

Mama peke yake ndiye aliyekubali kila jioni kumbonyezea vidole, ingawa havikufaa kitu. Sabuni ya miaka thelathini ya kufulia watu ilikuwa imeilamba mistari yote. "Mimi nikiiba hamnikamati ng'o," alisema akicheka.

Jana Chungulia alimkaripia, na aibu ya karipio lile ilikuwa bado inamkereketa.

"Bonyeza vizuri, mama! Hapa naona kama mstari unapinda."

"Unauona, mwanangu, au unautaka?"

Sasa alirudisha jicho kwenye lenzi. Sehemu saba za mistari zilioana. Ya nane, pale ukingoni, mstari ulionekana kugawanyika. Akapumzisha jicho, akatazama tena: haukugawanyika. Akatazama mara ya tatu: ukagawanyika, tena vizuri, kama alivyoomba.

"Dakika tano," msimamizi alisema.

Wenzake walikuwa wameshakusanya karatasi. Akiandika jibu la tatu, "haitoshi kuamua", na kumbe ilitosha, maksi hazingefika, na unga mweusi ungekuwa riziki yake mpaka uzeeni, chini ya saini za wengine. Kalamu ilikwenda kwenye "ni yake", ikasita juu ya kisanduku.

Akaandika: haitoshi kuamua.

Alipofika nyumbani, mama alikuwa anaanua nguo.

"Umefaulu?"

"Majibu ni baada ya wiki mbili."

"Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Sijui, mama."

"Miaka yote hiyo ya kusoma, unaniletea sijui?" Mama akaingia ndani akicheka, akamwekea glasi ya maji mezani.

Chungulia aliketi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Pale mama alipoishika pamebaki doa la kidole gumba, jeupe, lisilo na mstari hata mmoja. Aliigeuza glasi huku na huku kwa muda mrefu.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Basi kunywa."

Akanywa. Chini ya meza, mguu ulikuwa bado unacheza.