Gari Alilounda Baba

Baba aliliunda kwa nyundo na mikono yake, hapa Litein. Hakuna lingine kama hilo. Kaka yangu Ndung'u anataka kulikimbiza kwenye mashindano kule Sigor. Nilimfokea: "Ukilipindua, utaunda lingine wewe?" Tangu tumzike Baba nimelifunika turubai, na funguo nalala nazo.

Jana Ndung'u alinyemelea funguo, akashuka nalo hadi barabarani. Niliposikia likinguruma likirudi, kwenye kona ya majani chai, nilikimbilia jikoni kumshtaki kwa Mama.

Mama alikuwa ameshabandika chai, kama zamani kila aliposikia Baba akikata kona ile. Kikombe cha Baba kilikuwa mezani.

Ndung'u alipoingia, sikumdai funguo.