Magunia Juu ya Kitanda cha Wema

Uvumi ulifika Kitangari na akina mama wa kisimani: eti nyumba ya ghorofa ya Mzee Bwanali, kule Masasi, imeshiba mpaka tumbo linaning'inia. Wengine walicheka. Mama Wema hakucheka, maana binti yake, mwalimu, amepanga chumba cha chini hapohapo, na ana kichanga cha miezi minne. Alivumilia siku tatu. Ya nne akapanda basi.

Alimkuta Wema anasukuma mlango kwa bega.

"Shikamoo mama. Mlango huu una kiburi! Fundi kaupiga randa mara tatu, unakaza tena."

"Marahaba. Mlango haunenepi, mwanangu. Huko juu kuna nini?"

"Korosho. Baba mwenye nyumba anasubiri mnada wa bei nzuri."

Ndiyo hivyo. Mzee Bwanali aliwaondoa wapangaji wa juu, akalaza magunia mia mbili. Gunia halilalamiki choo kikiziba. Mpangaji bora huyo!

Mama Wema akamfuata barazani. "Shikamoo mzee. Naomba kuona kibali cha ujenzi."

"Marahaba. Kipo, mama, tena nimekitia fremu!"

Kweli, kilining'inia ukutani, kinang'aa kama picha ya harusi. Mama Wema aliishia darasa la saba, lakini kusoma anajua: nyumba ya kuishi, ya chini tu.

"Mbona ghorofa siioni humu?"

"Aa, ghorofa ilikuja baadaye. Mhuri ni uleule."

"Na hizo korosho?"

"Zimetulia, mama. Wapangaji wa juu walikuwa wanatwanga."

Mama Wema akarudi chumbani kwa binti yake, akafunga godoro kwa kamba.

"Mama! Watu watasema nini?"

"Watasema uko hai. Beba mtoto."

Kisha akaenda halmashauri kumwita mhandisi. Yule bwana alitazama boriti iliyopinda, akatoka kinyumenyume, akaamuru wote watoke. Mzee Bwanali akauliza kwa uchungu magunia yatalala wapi. Ya wapangaji hakuuliza.

Wazazi wenye watoto waliopanga, waepuke haya:

Kuamini kibali kwa sababu kina fremu. Kisomwe mpaka chini.

Kupanga nyumba iliyoongezwa ghorofa bila kibali kipya.

Kulala chini ya ghala, hata la korosho.

Kupiga randa mlango bila kutazama dari.

Kuona haya kumwita mhandisi.