Ruhusa ya Kuingia Gatini

Sauti ya Seifu ilikuja redioni saa nne na robo asubuhi, na nyuma yake Himid alisikia watoto wakilia na masufuria yakikwaruza mbao. Watu walikuwa wanachota maji. Aliyekaa miaka kumi na mmoja kwenye redio ya gati hahitaji kuelezwa mlio huo.

"Himid, ndugu yangu, ni mi Seifu. Naona mabati ya hangari yenu. Niombee ruhusa niingie."

"Mashine iko namna gani?"

"Imezima tangu saa moja. Tunasukumwa na maji tu."

"Uko na watu wangapi?"

"Makumi mbili na tatu, pamoja na mi. Wametoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, wanakimbia vita. Watoto ni wengi, Himid."

"Maji inaingia?"

"Tunachota," alisema.

Himid alisogea dirishani. Akaiona ile boti ya mbao, mbali kidogo na ufuo wa Kanyosha, imelalia upande mmoja. Alirudi mezani. Hapo mezani kulikuwa na vitabu viwili. Chekundu ni cha vyombo vilivyo taabani: ukiandika humo, boti ya doria inatoka saa hiyo hiyo na maswali yanafuata baadaye. Cha kijani ni cha wanaoomba kuingia: ukiandika humo, maombi yanapelekwa uhamiaji, afya na forodha, na chombo kinakaa nje mpaka mihuri mitatu ikamilike.

"Basi sema *détresse*, kwamba uko taabani," Himid alinong'ona. "Litamke tu hilo neno, nami niandike."

"Weh! Nikilisema, boti si yangu tena. Ya Tajudini hukuiona? Apana, ndugu yangu. Niombee kuingia, inatosha."

Jamani, Seifu hakuwa mjinga. Kwenye gati lile, chombo kikiingia kwa jina la taabu kilishikwa "kwa uchunguzi", na hakuna aliyewahi kuona uchunguzi ukiisha. Boti ya Tajudini ilikuwa mwaka wa pili juu ya mchanga, watu wakiichomoa mbao za kuni. Manahodha wote walikuwa wameshajifunza: hata maji yakikufika shingoni, omba ruhusa kwa adabu, usitaje taabu.

Na Himid naye hakuwa mjinga. Miaka mitatu nyuma alikuwa amepelekwa Dar es Salaam, wiki mbili, kusomea sheria za uokoaji. Mwalimu wao, mama mmoja mfupi mwenye sauti kali, aliwaambia kwamba chombo kilicho taabani kina haki ya kupewa mahali pa kujisitiri, kiwe cha nani, kimebeba nani, na kwamba wenye bandari hawana ruhusa ya kukigeuza mali yao. Kwenye mtihani aliwauliza: nahodha hajatamka neno la taabu, lakini mashine yake imezima na maji yanaingia, yuko taabani, au hayuko? Himid aliandika kwamba yuko, na anayejua hivyo lazima aende, aitwe asiitwe. Alipata alama zote, na cheti chake akakitundika ukutani juu ya redio.

Alikwenda ofisini kwa mkuu wake, Adrien, akamkuta anachezea simu.

"Chef, boti ya Seifu imezima mashine. Maji inaingia. Iko na watu makumi mbili na tatu."

"Amesema détresse?"

"Apana, ameomba kuingia. Lakini chef, ukimusikia mwenyewe..."

"Kama hajasema, hakuna. Andika kwa kijani." Adrien aliweka simu chini. "Na nikuulize, Himid. Ukiandika kwa kile chekundu, boti yetu itoke. Itoke na essence gani?"

Mwezi ule petroli ilikuwa imeutesa mji mzima. Magari yalipanga foleni siku tatu vituoni, watu wakilala ndani yake. Petroli ya boti ya doria ilikuwa imetoka stoo bidoni moja baada ya nyingine, ikaishia kwenye gari la Adrien, na kila mtu gatini aliliona hilo akanyamaza. Himid alinyamaza kuliko wote, maana Ijumaa iliyopita bidoni moja aliifunga yeye mwenyewe nyuma ya pikipiki yake akaipeleka nyumbani Buyenzi. "Merci, chef," alikuwa amesema, na alikuwa ameshukuru kweli.

"Ile yako imefika salama?" Adrien aliuliza, kwa upole, karibu kwa utani.

"Imefika, chef."

"Haya basi. Kijani."

Aliandika kwenye kile cha kijani, kwa mwandiko wake mzuri, jina la chombo, jina la nahodha, saa. Hakuna aliyemshika mkono kumlazimisha. Hilo baadaye ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hakuna aliyemshika mkono.

"Maombi yako imekwenda," alimwambia Seifu. "Ubaki hapo hapo, ungoje."

"Aksanti sana, ndugu yangu. Mungu akubariki."

Saa tano uhamiaji waliuliza orodha ya majina na karatasi za kila mtu. Saa sita watu wa afya waliuliza kama kuna mgonjwa, na Seifu, mkweli wa watu, akasema watoto wawili wametapika. "Ni mawimbi, Himid, si ugonjwa. Waambie ni mawimbi." Himid aliwaambia. Wakasema wanahitaji kufikiri. Halafu maofisi yakafungwa kwa chakula cha mchana. Kule ufuoni wavuvi walishaanza kusukuma mitumbwi yao majini, lakini askari aliwaamuru warudi, kwamba hakuna wa kukisogelea chombo kitokacho nje bila ruhusa. Walirudi wakitukana chinichini. Himid aliwatazama kutoka dirishani, na moyoni akawaomba wasimtii yule askari, ili yeye asilazimike kufanya chochote.

Saa nane upepo wa kusini ulianza kuvuma.

"Himid, ruhusa imefika?"

"Bado kidogo, Seifu. Umebakia muhuri moja tu."

"Watu wamechoka kuchota."

"Bado kidogo."

"Sawa. Tuko tunangoja."

Maneno yalimtoka vizuri, kwa sauti ya kutuliza, naye hakujua kama muhuri uko karibu au uko mbali. Alipoita tena hakujibiwa. Aliinua macho, akaona boti imelala kabisa, chini juu, na vichwa vya watu vikionekana na kupotea. Sasa wavuvi hawakumwuliza mtu. Walikimbilia majini, na yule askari akakimbia nao. Walirudi na watu wanne. Wale wanne, nguo zikidondosha maji, walipakiwa garini wakaenda kufungiwa kwa kosa la kuingia nchini bila karatasi. Kumi na tisa walibaki ziwani, Seifu akiwa mmoja wao.

Muhuri wa tatu uliletwa saa tisa. Himid aliupokea na kutia sahihi yake, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa.

Ripoti iliandikwa na Adrien. Nahodha hakuomba msaada wakati wowote, ilisema. Himid aliisoma mara mbili.

"Nionyeshe neno la uongo hapo," Adrien alimwambia. "Ukiliona, nalifuta."

Hakuliona. Alitia sahihi.

Siku nane alizunguka mbali ili asipite mtaa wa Seifu, huko huko Buyenzi, nyuma ya magereji. Mke wa Himid mwenyewe, Ruqaya, ndiye aliyemshika shati Ijumaa baada ya sala. "We ndiye ulimusikia wa mwisho. Asiya anakuuliza kila siku. Utajificha mpaka lini?"

Asiya, mjane wa Seifu, alikuwa kwenye eda, hivyo alizungumza naye akiwa nyuma ya pazia la mlango, Himid amekaa kwenye mkeka barazani. Njia nzima alikuwa amejipangia la kusema. Shemeji, alikuwa anazama, na mi nilijua. Maneno machache tu.

"Shemeji," Asiya alisema, "watu wa ofisi wameniletea karatasi. Wanasema hakuomba msaada. Ni kweli?"

"Aliomba kuingia."

"Nakuuliza msaada."

Kwenye gereji ya jirani mtu alikuwa anagonga bati, akagonga, akaacha.

"Apana," Himid alisema. "Hakuomba."

Kilichotoka nyuma ya pazia kilikuwa hasira tupu. "Seifu! Mutu wa kiburi we! Boti! Boti ilikuwa bora kuliko sisi? Watoto wa watu wote wale, juu ya boti moja tu! Simupi radhi, Himid. Wallahi simupi, mpaka kiama, na Mungu anisikie!"

Himid alijua uzito wa mke kumnyima radhi mumewe aliyekufa hata kaburi hana. Neno moja lingetosha kumfungua Seifu. Alikohoa, akafuta jasho, akalitafuta lile neno la kwanza. Na kila alipolifikia aliiona ile bidoni, na Adrien, na mlango wa mahabusu.

Nyuma ya pazia Asiya alipenga kamasi, akatulia.

"Utusamehe, shemeji. Alikusumbua siku nzima, na we uko unamupigania kwa maofisi. Ruqaya ameniambia tangu siku ile huli vizuri."

Pazia liliinuka kidogo chini, mkono ukasukuma nje bakuli la maji ya kunawa, kisha sahani ya wali na maharage, na nusu ya ndimu pembeni.

"Kula, shemeji. Usione haya, ni kwako hapa."

Himid alinawa, akasema bismillahi, akala. Ndani alimsikia Asiya akiwakataza watoto kumwombea dua baba yao, na mkubwa wao akiuliza kwa nini. Alichukua tonge la pili.