Seneta Haugen Mezani kwa Majirani

Jumanne mchana, Ardis Tollefson alikuwa akimenya matufaha jikoni huku redio ikirusha mjadala wa baraza la jimbo. Mkewe, Connie, alikaa karibu na dirisha, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, akiwatukana maseneta mmoja mmoja kwa sauti ya chini, bila haraka, kama mtu anayevuta tasbihi.

Muswada wenyewe ulikuwa mfupi. Katiba ya jimbo ilikuwa bado na kifungu cha zamani kinachosema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke tu. Kifungu hicho kililazwa usingizi na Mahakama ya Juu huko Washington, ila hakikuzikwa. Majaji wakibadili nia, kingeamka na njaa yake yote. Muswada ulitaka kikazikwe kabisa.

Ardis hakuwa mtu wa siasa. Maisha yake yote aliendesha basi la shule, na siasa aliziona ni kelele za viti vya nyuma. Lakini vali moja ya moyo wa Connie ilikuwa imelegea, na madaktari walikuwa wamepanga kumpasua msimu wa kuvuna mahindi. Connie alipolazwa mara ya kwanza, kabla wanawake wawili kama wao hawajaruhusiwa kuoana, Ardis alishinda kwenye korido kama mwenye mzigo uliopotea, akimsubiri binamu wa Connie, ambaye hawakuwa wameonana tangu utotoni, aje kutia sahihi fomu za hospitali, kwa kuwa kisheria Ardis hakuwa ndugu. Hakutaka kurudi kwenye korido ile.

Redioni akapewa nafasi Verlyn Haugen, seneta wao, ambaye pia alikuwa jirani yao ng'ambo ya shamba la soya.

"Sina ubaya wowote na watu hawa," alisema Verlyn. "Ni majirani zangu. Nimekula mezani kwao."

Papo hapo akawa mezani kwao. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha useneta, kile cha ngozi chenye kibao cha shaba kilichochorwa jina lake, tai imenyooka, mkononi ameshika kipaza sauti ambacho waya wake uliishia hewani. Redioni spika alisema seneta ametoka kidogo, akamwita anayefuata.

"Verlyn," Ardis akamsalimu.

"Ardis. Connie."

"Umekuja na kiti chako," Connie alisema. "Ulisikia tumeuza vyetu?"

"Kimekuja chenyewe."

Ardis akamkatia pai ya tufaha na kummiminia kahawa. Huko kwao mtu akishafika mezani hulishwa kwanza. Kafikaje ni swali la baadaye, kama lina ulazima. Verlyn akala, akasifu pai, akasema ana kikao, akanyanyuka na kutoka kwa haraka. Mlango aliotokea ulimrudisha jikoni mlemle. Akajaribu mlango wa nyuma, akaingia tena kwa mlango wa mbele.

"Hujaaga," Ardis alimkumbusha.

Ilikuwa kweli. Akarudi kukaa, akajipiga magoti kwa viganja na kusema, "Haya basi." Kisha akakaa tena kidogo, kama desturi ya kuaga huko kwao inavyotaka. Akasimama, akazungumzia mvua mlangoni, bei ya mbegu kwenye ngazi, na wagonjwa wa kanisani pale getini. Alipolivuka geti akatoweka, na kiti kikatoweka jikoni. Redioni alisikika akikohoa.

Tangu hapo kila alipotamka maneno yale barazani, alikuja. Angeweza kuyaacha. Lakini bila hayo hotuba yake ilibaki ubaya mtupu, na Verlyn hakujiona mtu mbaya. Kwa hiyo aliyasema na akaja, akala, akawarekebishia bomba lililokuwa likivuja, akapanda ngazi kubadilisha balbu ambayo Connie hakuruhusiwa tena kuifikia. Baraza nalo lilizoea. Katibu wa baraza, kijana mpole aliyezaliwa wilaya ya jirani, alikuwa akipiga simu jikoni na kusema, "Samahani, Bi Ardis, mwambie mheshimiwa tumemaliza mapumziko."

Siku moja Ardis alimuuliza bila kuzunguka. "Verlyn, kura yako utaipeleka wapi?"

"Ni jambo gumu hilo, Ardis. Kuna watu wa kanisani."

"Kanisa letu ni moja. Sisi tunakaa benchi la nyuma yako."

"Ndiyo maana huwa sigeuki."

Connie, ambaye alikuwa daktari wa mifugo hadi moyo ulipomstaafisha, aliweka kikombe chini. "Mwaka ule ng'ombe wako alipokwama na ndama, niliingiza mkono hadi begani, theluji inanipiga mgongoni. Hukuniuliza nyumbani nalala na nani."

"Nilikushukuru, Connie."

"Ulinitumia nyama."

"Paja zima la nguruwe," alisema Verlyn, sauti ikiwa na kinyongo kidogo.

"Paja tulishalila. Mimi nataka kura."

Verlyn akatazama pai yake kwa huzuni ya kweli. Akasema anawaombea kila siku. Hilo nalo lilikuwa kweli. Mkewe, Joyce, alishawahi kuwaambia kwamba huwaombea kwa majina.

Kura zilikaribiana kiasi kwamba Verlyn akikosekana tu, muswada unapita. Connie ndiye aliyeliona hilo, naye akalieleza kama alivyokuwa akieleza dawa ya kuhara kwa ndama.

"Akija siku ya kura, tunamchelewesha."

"Hatuwezi kumfungia mgeni ndani," Ardis alisema.

"Nani kasema kumfungia? Tutaagana naye. Kwa heshima zote, hatua kwa hatua. Mtu wa hapa anaweza kuagwa hadi jua lizame, na akifika kwake akasema jamani wale watu wana adabu."

Siku ya kura Verlyn alisimama kusema neno la mwisho, akasema alikwisha kula mezani kwao, akatua. Safari hii Ardis alikuwa amepika bakuli la nyama ya kusaga na viazi, la kuoka. Verlyn akala. Akajipiga magoti, "Haya basi." Connie akaleta pai. Akajipiga magoti tena. Ardis akamuuliza habari za nyonga ya kaka yake, hadithi ambayo wilaya nzima iliijua kwa urefu wake. Verlyn alianzia kwenye ngazi za ghalani ambako kaka aliteleza. Redioni katibu alikuwa ameanza kuita majina kwa kufuata alfabeti.

Ardis alisikia herufi zikisogea. Hakuwahi kutamani hadithi ya nyonga iwe ndefu kama siku ile.

Redioni majina yakasimama kwenye Haugen, na simu ikalia.

"Bi Ardis, samahani sana," alisema katibu. "Kanuni inasema seneta apige kura akiwa kitini pake. Haisemi kiti kiwe wapi. Nimeisoma na kuirudia asubuhi nzima. Je, mheshimiwa yupo hapo kitini?"

Ardis alimtazama Verlyn. Alikuwa kitini, uma mkononi, kibao cha shaba kinang'aa nyuma ya bega lake. Kisha akamtazama Connie, pale juu ya ukosi wa blauzi ambako mshipa ulikuwa ukirukaruka.

"Hayupo," alisema Ardis.

Connie alimwangalia kama siku waliyooana.

"Nipo, Ardis," alisema Verlyn kwa upole, kama mtu anayemrudishia mwenzake glavu iliyomdondoka. Akanyoosha mkono bila kunyanyuka kitini, akachukua simu.

"Hapana," aliiambia simu. Akasikiliza. "Asante, kijana. Nisalimie mama."

Redioni ikatangazwa: Haugen, hapana. Majina yakaendelea hadi mwisho wa alfabeti. Muswada ukaanguka kwa kura yake. Spika akaliahirisha baraza kwa ajili ya chakula cha mchana.

Verlyn alikunja kitambaa chake cha mezani taratibu, pembe kwa pembe.

"Umesema uongo, Ardis," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka yote hii sijawahi kukusikia ukisema uongo."

"Hata mimi sijawahi kujisikia."

"Nimekusamehe," alisema Verlyn, na macho yake yakalowa, maana lilikuwa jambo la moyoni. "Wala sitamwambia mchungaji."

"Asante," alisema Ardis.

Neno lilitoka kabla hajalizuia. Connie alifumba macho.

Kisha wakaagana. Mlangoni Verlyn alizungumzia mvua. Kwenye ngazi alisema siku ya upasuaji ikifika wasisite kuomba lolote. Joyce ataleta chakula, na yeye atawavunia mahindi ya shamba lao la mashariki. Walijua atavuna. Getini aliuliza kama imebaki pai kidogo ya kumpelekea Joyce, na Ardis akarudi ndani, akakata kipande kikubwa, akakifunga kwenye foili na kubana kingo vizuri ili shira isivuje.

"Ungempa na kisu chetu kabisa," Connie alisema dirishani.

"Kaomba pai tu," Ardis alijibu, akatoka nayo.

Wiki iliyofuata Verlyn alisimama barazani kuwashukuru majirani zake kwa ukarimu waliomwonyesha katika kipindi kigumu kwake. Ardis alikuwa akiosha vyombo. Aliposikia sauti ile redioni alipangusa mikono, akaisogeza meza kidogo upande wa ukuta, kiti kipate pa kutua.