Amri ya Kufunga Mto Kibuyuni

"Wakazi wote wa Masaki wanatangaziwa kwamba, kwa amri ya Serikali, Mto Kibuyuni umefungwa siku saba. Mtu asiingize mguu majini."

Serikali yenyewe haikuwa na habari. Tangazo niliandika mimi, likizo ya mwaka 1948, kwenye karatasi ya daftari la hesabu, nikaligandisha kwenye mti wa kivukoni kwa utomvu wa mkorosho. Nilitaka dimbwi la kina mama tuogelee peke yetu, mimi na rafiki yangu Kitwana.

Siku hizi bomba la bwenini likikohoa maji ya kutu, naukumbuka mto ule. Upana wake haukuzidi kanga mbili. Juu tulichota maji ya kunywa, chini waliogea wanaume, na katikati, penye kivuli, kina mama waliloweka mihogo michungu ndani ya matenga. Harufu yake iliwaziba wageni pua. Mimi iliniambia nimefika nyumbani.

Wazee wetu walisoma herufi za Kiarabu kama maji, lakini za Kizungu hawakuzijua. Basi nikaitwa mimi, mwanafunzi, niwasomee. Nikasoma kwa sauti ya mwalimu mkuu. Wakatii.

Siku ya pili, wakati wa kula, Bibi Mwamvita, mama wa mama yangu, akasema tenga lake limo majini. Lisipotolewa kesho mihogo itaoza, na unga wake ni wa hitima ya babu. Nikameza tonge, nikamega jingine.

Alfajiri ikanyesha mvua kubwa. Kulipokucha Bibi akanipeleka mtoni.

"Mume wangu, nisomee tena. Pengine wamemwachia nafasi mwenye hitima."

Nikafunga mikono nyuma, nikatazama mbele kama askari, nikasoma lote. Nikaongeza na "wala mkono".

Bibi akaibandua karatasi, akaniwekea mbele ya macho. Mvua ilikuwa imeosha wino wote, imebaki mistari mitupu.

"Mimi sijui kusoma," alisema, "lakini hata mimi naona hapa hamna neno."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Endelea."

Nikaendelea. Nikataja daftari, utomvu na dimbwi. Alinyoosha kidole tu kwenye matenga. Nikaingia majini na nguo zangu, na nilipokuwa nalivuta la kwanza, nikakumbuka kumwambia kwamba Kitwana naye alikuwemo.