Mukebe wa Mama Angèle

Mimi sijifichi. Waambieni watu wa Keshero yote kwamba Élodie, yule anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, pale soko la Kituku, anameza dawa yake peke yake na hamumegei mutu. Ndiyo, ni mimi! Wale wanaosema mutu anayeficha dawa ni mulozi, waje waniambie macho kwa macho. Nitawasikiliza vizuri, halafu nitaenda kumeza ingine.

Sikuanza hivyo. Niliolewa na Kamate, na katika nyumba ya Kamate kila dawa inaingia ndani ya mukebe. Ni mukebe wa maziwa ya unga, rangi imeshatoka zamani, na anayeushika ni mama yake, Mama Angèle. Ukinunua dawa ya kikohozi, ya malaria, ya chochote, unamukabidhi. Yeye ndiye anajua nani anaumwa. Anavunja kidonge kwa kisu cha jikoni, nusu kwako, nusu kwa mwenzio, na anasimama hapo mpaka umeze. Nisimuonee. Wakati walikimbia vita kutoka upande wa Beni, alikuwa na watoto wake, na watoto wa marehemu dada yake, na ule mukebe mukononi. Alikata, akagawa, na wote wakafika Goma wazima. Tangu hapo, kumunyima mukebe ule kitu ni sawa na kumutemea mate.

Kwa hiyo tumbo langu lilipoanza kuungua, na daktari Akonkwa akaniingiza ule mupira wenye kamera mpaka akaona kidonda, kisha akapima akakuta na kidudu kinachokikalia, nilifanya kama mukamwana mwenye adabu. Aliniandikia dawa, nikazinunua kwa farmasi ya barabarani, nikamuwekea Mama Angèle mbele yake.

"Ni za nini, Mama Prodige?" Ananiita hivyo, kwa jina la mutoto wangu.

"Za tumbo, mama."

"Haya. Tumbo linatusumbua wote humu."

Basi kisu kikafanya kazi. Masika, wifi yangu, akapata. Kamate akapata. Hata jirani aliyekuja kuomba chumvi akatoka na nusu mukononi. Mimi mwenye kidonda nilipewa nusu kama wengine, na siku zingine sikupata kitu. Mama Angèle alisema yeye haumwi, ingawa mara nyingi nilimuona akijikandamiza chini ya kifua akidhani hakuna anayemuangalia. Sikumuuliza.

Baada ya muda nikaanguka Kituku, mbele ya beseni yangu. Choo kilikuwa kimegeuka cheusi kama makaa, na mimi, mujinga, sikumuambia mutu. Wanawake wa soko wakanibeba kwa pikipiki, mumoja mbele, mumoja nyuma, mpaka kwa daktari Akonkwa.

"Dawa ulimeza zote?" aliniuliza.

"Tulimeza."

"Tulimeza na nani?"

Nikamuelezea habari ya mukebe. Alitoa miwani, akaiweka chini, akaniangalia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Mama, nyoka ukimupiga kidogo na kumuachilia, kesho anakujua. Hiki kidudu kimeshajua dawa za kwanza. Kuna zingine, kali zaidi. Na hizo zikishindwa, mimi sina zingine za kukupa. Kidonda kitatoboka, utatoka damu, na sijui kama watakufikisha hapa tena."

Nilimuwaza Prodige wangu, ambaye bado anavaa viatu kinyume. Nikasema, "Nipe hizo kali."

Akageukia kabati iliyo nyuma ya Héritière, infirmière wake, muuguzi anayemusaidia. Pale kwake dawa zinatolewa palepale. Alichoka kuandika dawa halafu mugonjwa anauziwa chokaa huko inje, ndipo akaagiza zake mwenyewe, akazifungia kwa kufuli la kadenasi, kila pakiti na jina la mutu mumoja juu yake.

"Wengine wanaenda nazo nyumbani," alisema. "Zako hazitoki hapa. Utapita asubuhi ukienda Kituku, utapita jioni ukirudi. Utameza mbele ya Héritière."

Nyumbani nilisema wazi, sikuzunguka. Mama Angèle akaleta mukebe, akauweka katikati ya meza ya salon, pale tunapopokea wageni, na Kamate na Masika wakakaa pembeni.

"Dawa iko wapi?"

"Kwa daktari, mama. Itabaki kule."

"Juu ya nini ibaki kule? Sisi ni wezi?"

"Juu ya kidonda changu."

Kamate, bwana yangu, akakohoa kidogo. "Mama Prodige, tafuta amani. Leta hata kidogo tu."

Amani! Mutu anatoka damu, na yeye anamuomba amani! Nilimuangalia mpaka akainamisha kichwa. Mama yake akasema polepole, "Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Na kidonge kimoja hakiponyeshi watu wanne, mama!"

Masika akapiga makofi, "Ayi, ayi, ayi!" Mama Angèle hakupandisha sauti. Alifunika mukebe, akasema, "Anayeficha dawa anaficha na mengine." Sote tulijua hayo mengine ni nini. Tangu siku hiyo sahani yangu iliwekwa kando, na salamu zangu hazikujibiwa. Maneno yakafika mpaka soko. Wateja wangu wakaanza kuruka beseni yangu kama shimo. Niliwapigia kelele, "Nunueni! Sambaza zimetoka Kivu, hazikutoka mufukoni mwangu!" Halafu nilienda pembeni nikalia. Lakini asubuhi nilimeza, na jioni nilimeza.

Jioni moja nilikuwa kwa Héritière, vidonge kiganjani, maji mukononi, wagonjwa wamejaa bench, mulango ukafunguka. Mama Angèle akaingia na kitambaa chake cha misa kichwani, mukebe umetokeza chini ya kitenge.

"Mimi ndiye mama wa nyumba," aliwaambia wote. "Nimekuja kuchukua dawa ya nyumba yangu."

"Hapa hatuna dawa ya nyumba, mama," Héritière akajibu. "Tuko na dawa ya mutu."

Hakumuangalia hata. Alifungua mukebe, akaunyoosha kwangu. "Élodie. Weka hapa."

Hakuwa amewahi kuniita jina langu. Kwetu, mukamwana kumukatalia mama mukwe mbele ya watu ni kumuvua nguo. Bench nzima waliningojea. Nilimuogopa, sitadanganya, na nilimupenda pia, maana huyo ndiye aliyemupokea Prodige alipozaliwa. Nikaweka vidonge mudomoni, nikanywa maji, nikafungua kinywa wazi ili aone mpaka nyuma.

"Nimemeza, mama. Na kesho nitameza. Ukitaka kunifukuza, nifukuze. Nitatoka na mutoto wangu, lakini nitatoka muzima."

Aliinua mukebe, nikadhani atanipiga nao. Mukono mwingine ukaenda chini ya kifua, akainama, akakaa kwenye bench bila kutaka. Jasho lilikuwa limemutoka usoni. Hapo ndipo nilimuuliza kile ambacho nilipaswa kumuuliza zamani.

"Mama, zile dawa za kwanza, weye ulimeza nusu gani?"

Aliweka mukebe chini. Kisha akasema, "Hazikutosha."

Uwongo wa miaka yote, haumwi, haumwi! Nilikasirika nikalia, nikamuita daktari kwa sauti ya soko. Mama Angèle alikataa. Alisema mama anakula mwisho. Nikamuambia leo anaanza, na kama anataka kupigana, tupigane hapa, daktari ni mumoja atatupima wote wawili. Kuna muzee alicheka kwenye bench.

Walimupima. Kilikuwa kidudu kilekile, na kidonda karibu kama changu. Daktari akasema watu wanaokula pamoja wanakigawana kama bugali, na kila mutu wa nyumba ile aje apimwe, apewe zake. Héritière akaandika jina la Mama Angèle juu ya pakiti, akaiweka kabatini karibu na yangu, akamupa cha kwanza.

Mama Angèle alikipokea kwa mikono miwili. Akakiweka mudomoni, akanywa maji, akafuta midomo, akaokota mukebe wake, akasimama.

Mimi namujua huyu mama. Uso ulikuwa umemukunjamana kwa uchungu, kama mutu anayenyonya kitu.

"Mama," nilisema. "Fungua kinywa."

Watu wakashangaa. Hata Héritière aliniangalia vibaya. Mama Angèle akaniangalia kwa muda, kisha akafungua. Kidonge kilikuwa chini ya ulimi, kizima, kimeanza kulowana.

"Ni ya Masika," alisema. "Jana usiku hakulala."

"Masika atakuja kuchukua yake. Hiyo ni yako, mama. Meza."

Nikamushikilia kopo la maji, na sikuondoa macho mpaka akameza.